Chungu Kinachovuja

Nekoye alirudi nyumbani likizo ya Agosti mwaka wa 1990 akiwa amebaki macho na meno. Sikulia. Nilimvua sweta ya shule, nikamlaza, nikaenda kutafuta daktari. Ilikuwa taifodi, mara ya pili mwaka huo. Alitibiwa akapona, lakini siku ya mwisho daktari alituita mimi na baba yake chumbani mwake pale Kitale akatuambia bila kuzunguka. Utumbo wa msichana huyu umechoka, alisema. Taifodi ikimrudia kabla hajapata nguvu, utumbo unaweza kutoboka, na ukitoboka sitawaahidi kitu.

Tulitembea hadi nyumbani, mtaani Matisi. Nekoye alikuwa kidato cha nne. Muhula wa tatu ndio wenye mtihani, na shule yake ya bweni ilikuwa upande wa Bumula, kwao baba yake, ambako maji ya kunywa yalitekwa kwenye bwawa walilonywea ng'ombe. Tulipofika, mume wangu Nyongesa aliketi, akavua viatu, akatoa hukumu. Mtoto harudi shuleni. Atakaa nyumbani anywe maji yaliyochemshwa, na mtihani ataufanya mwaka ujao.

Nilimwambia mwaka ujao ni maneno tu. Nimeona wasichana wengi wakiambiwa mwaka ujao, na ulipofika walikuwa na mtoto mgongoni. Nyongesa akasema mtihani unarudiwa, mtoto harudiwi. Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu mimi pia sikuwa nimekosea. Nekoye alikuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili. Akaja akasimama mlangoni, amejifunga blanketi.

"Nikikaa hapa nitapona mwili tu," alisema. "Baba, nitaanza kuugua kitu kingine."

 Nyongesa ni fundi wa mashine za kusaga unga. Haamini kitu mpaka akisikie kikizunguka. Mwishowe akatoa sharti. Maji atakayokunywa huko yawe safi, na aseme ni safi mtu wa hospitali, si mimi. Hapo atalibeba sanduku la shule yeye mwenyewe.

Nililishika sharti hilo kabla hajabadilisha nia.

Kuchemsha maji kule shuleni hakukuwezekana. Wasichana walikatazwa moto bwenini, na kuni za jikoni zilitosha ugali kwa shida. Dawa ya maji nilikuwa nimempa muhula uliotangulia, kopo zima, ikaisha mapema kwa sababu aliwagawia wenzake. Nilipomgombeza aliniuliza, "Sasa mama, wewe ungekunywa peke yako bweni lote likikuangalia?"  Kwa hiyo nilijua kwamba chochote nitakachompa lazima kitoshe watu wengi, kisihitaji moto, na kisiishe.

Nina diploma ya maabara. Wakati huo nilikuwa nikisimamia maabara ya shule moja ya upili mjini Kitale: kuosha vyombo, kupima kemikali, kuwazuia wavulana wasijichome. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepelekwa Nairobi kwa mafunzo mafupi, na huko mhadhiri mmoja alitueleza kwamba madini ya fedha, yale yale ya kutengenezea bangili, yakivunjwa kuwa chembe ndogo mno huua vijidudu vya maji. Alisema ziko nchi za mbali ambako mafundi wanazipaka chembe hizo kwenye vyungu vya udongo. Maji yanapenya polepole kwenye kuta za chungu. Uchafu unabaki nyuma, na kijidudu kinachoponyoka kinakutana na fedha njiani. Alisema hayo kwa kifupi akaendelea na mambo mengine. Wenzangu walikuwa wanasubiri chai. Mimi niliyashika.

Nilimwendea Mwalimu Kemboi, mkuu wa kemia, nikamweleza shida yangu yote. Niliomba silva naitreti, ile chumvi ya fedha, iliyokuwa kwenye chupa ya zamani ambayo haikufaa tena kwa mtihani wa wanafunzi. Alifikiri kidogo, akasema chupa hiyo alikuwa anaenda kuitupa, na ni afadhali itupwe mahali pazuri. Akaniachia na ufunguo wa maabara kwa likizo yote. Aliniambia nivae glavu. Siku ya kwanza sikuvaa, na Jumapili niliimba kwaya nikiwa na vidole vyeusi kama vya fundi wa magari, kwani fedha hiyo ikigusa ngozi na jua likaipata, sabuni haiitoi.

Kutengeneza zile chembe hakuhitaji nguvu. Kunahitaji subira, ambayo sina nyingi. Unayeyusha punje chache za chumvi ya fedha kwenye maji ya mvuke, yale yasiyo na chumvi yoyote, unaongeza glukosi, ile ya kopo tunayowapa wagonjwa, kisha unapasha moto polepole huku unakoroga. Glukosi inaifanya fedha iache kuwa chumvi na irudi kuwa madini. Mwanzoni huoni kitu. Unaanza kujiuliza kama umesahau kuweka kitu. Kisha maji yanageuka njano, kama chai ya rangi iliyotiwa majani machache. Fedha ikiwa bangili inang'aa nyeupe. Ikiwa vumbi ndani ya maji, vumbi dogo ambalo hata darubini ya shule haiwezi kulionyesha, rangi yake ni hiyo njano.

Lakini kitu usichokiona unakipimaje? Nilifunga mapazia. Nikaifunika tochi kwa karatasi nyeusi yenye tundu moja, nikaimulika gilasi ubavuni. Kwenye maji matupu mwanga ulipita bila kuonekana. Kwenye maji yangu ya njano ulitokea mstari kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama jua linavyojichora kwenye moshi wa jikoni. Basi chembe zilikuwamo. Nikayapitisha maji hayo kwenye karatasi ya kuchujia. Yakapita yote pamoja na rangi yake, karatasi ikabaki safi. Basi chembe zilikuwa ndogo kweli. Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha, nikapika kuku.

Kesho yake maji yalikuwa ya kijivu, na chini ya gilasi palikuwa na kitu kama masizi. Chembe zilikuwa zimeshikana zikawa mabonge, na mabonge ya fedha hayana kazi. Nilirudia kwa moto mdogo zaidi. Nilirudia kwa gilasi nyingine. Nilibadilisha kipimo cha glukosi. Kila mara njano, halafu kijivu. Mwishowe niliamua kwamba kama chembe zinakaa siku moja tu, basi nitazitengeneza asubuhi na kuzipaka kwenye chungu siku hiyo hiyo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Vyungu nilikuwa nimekwisha kuviagiza. Senge Agneta, shangazi yake Nyongesa, alikuwa mfinyanzi huko Bumula tangu kabla sijazaliwa. Mimi ni Mkalenjin wa Kibomet, na nilipoolewa kwa Wabukusu yeye ndiye aliyenipokea wa kwanza na kunionyesha nani wa kumwogopa na nani wa kumpuuza. Nilikuwa nimemwendea na gunia dogo la vumbi la mbao nililolichekecha kwa chujio la chai. Nilimwomba vyungu vichache vya mdomo mpana, vyenye umbo la ndoo, na udongo wake achanganye na vumbi lile. Motoni vumbi lingeungua na kuacha vitundu vidogo, na maji yangepitia humo.

"Yapitie yaende wapi?" aliuliza.

"Nje, senge."

"Yaani chungu ivuje."

"Ndiyo. Ivuje polepole."

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Mama Nekoye, hapa Bumula watu wananisema kwa mambo mingi. Ati nina mdomo, ati nilifukuza bwana. Lakini hakuna mtu amewahi sema chungu ya Agneta inavuja. Sasa unataka jina yangu iende mpaka kwa shule ya wasichana, ati huyo ndiye mama wa chungu ya kuvuja?"

Nilimweleza habari za utumbo wa Nekoye na sharti la baba yake.  Akaingiza mkono kwenye gunia, akalinusa vumbi, akauliza ni mti gani. Nilipoondoka alikuwa tayari analikanda na udongo, huku akilaani.

Siku aliyonipa nilifika nikiwa na chupa ya maji ya njano niliyoyatengeneza alfajiri. Vyungu vilikuwa tayari: vitatu, vya rangi ya kahawia, vimenyooka, laini mpaka vinang'aa. Nilimsifu. Nikajaza maji kwenye kimoja, nikakiweka juu ya vigogo viwili na beseni chini yake, tukaketi kungoja. Tulikunywa chai. Tulikula viazi vitamu. Nilipapasa chini ya chungu kwa kiganja. Kilikuwa kikavu kama kiatu.

"Haivuji," nilisema.

"Si nilikuambia," alisema senge, na furaha yake hakuificha.

Nilimuuliza amefanya nini. Hakuona haya kunieleza. Wafinyanzi wote wa pale, chungu kinapotoka motoni kikiwa bado cha moto, hukirushia uji mwepesi wa muhogo ndani na nje. Uji unaingia kwenye vitundu, unakauka, unaziba. Mimi sikulijua hilo. Kwetu vyungu tulinunua. Yeye alijua ninachotaka, na alikuwa ameamua kabisa asivitie uji. Lakini vilipotoka motoni, sufuria ya uji ilikuwa pale pale pembeni kama siku zote.

"Mkono ilienda yenyewe," alisema. "Na tena, chungu imetoka kwa moto haijapewa uji, ni kama mtoto amezaliwa na hajapanguswa. Unaiacha hivyo?"

Nilisema mambo. Nilisema huo ni ujinga, na kwamba mtoto wa watu atakosa mtihani kwa sababu ya uji. Yeye akaniambia kama nilitaka takataka ningeenda kununua sokoni. Jirani alichungulia juu ya ua, tukamsalimu pamoja, tukaendelea. Tulipochoka niligundua kwamba kifuniko cha chupa yangu kilikuwa kimelegea na mkoba umelowa. Sikuwa na chombo kingine. Nikayamimina maji mengi ya njano kwenye chungu kimojawapo, maana kuzuia maji angalau kilikuwa kinajua, nikaacha kidogo tu chupani. Jua lilikuwa limeshuka na nisingeweza kurudi Kitale. Nililala pale, bila kuzungumza sana na mwenyeji wangu.

Asubuhi nilichukua chupa ili niimwage. Ilikuwa ya kijivu, masizi chini, kama nilivyotarajia. Nikaenda kukimwaga na kile chungu.

Maji ya chunguni yalikuwa bado ya njano.

Nilichota kwa gilasi. Jikoni kwa senge bati lilikuwa na tundu la msumari, na jua la asubuhi lilikuwa linapenya hapo. Nikaiweka gilasi kwenye mwanga huo. Mstari ukatokea, mwembamba, safi, upande hadi upande. Maji yale yale ya gilasi moja, ya asubuhi moja. Ya chupani yameharibika, ya chunguni mazima. Tofauti ilikuwa nini? Niliketi juu ya kigoda cha senge nikapitisha kidole ndani ya chungu. Kiliteleza. Ulikuwa uji.

Nadhani mwanamke yeyote aliyewahi kupika chapati angeelewa. Madonge ya unga ukiyaweka kwenye sinia tupu yanashikana. Ukiyanyunyizia unga mkavu, kila donge linakaa kivyake. Uji wa muhogo ulikuwa umeachia kidogo majini ukazivika chembe, kila moja na koti lake, zikashindwa kushikana. Kemia hiyo nilikuwa nimeisoma chuoni. Niliisoma, nikaijibu kwenye mtihani, nikaisahau.

Nilimwita senge. Alikuja akiwa amekunja uso, tayari kwa raundi ya pili.

"Senge, uji wako ndio dawa iliyokuwa inakosekana."

"Jana uliita ujinga."

"Kwa chungu ni makosa. Kwa maji ya fedha ni dawa."

"Basi uamue," alisema. "Na useme pole kwanza."

Nikasema pole, na nikasema asante, na asante ilikuwa kubwa kuliko pole. Alipokea zote mbili akaniuliza sasa vyungu vifanywe nini. Nilimwambia virudi motoni ili uji uliomo ukutani uungue. Hakupenda. Chungu kilichokwisha kuiva hakipendi kurudishwa motoni, na kweli kimoja kilipasuka kwa mshindo. Viwili vilitoka. Vilipotoka, senge aliishika mikono yake nyuma, akamwambia yule jirani mchunguliaji aje avipange, kwa sababu yeye hajiamini.

Nyongesa alikuwa na mashine ya kutengeneza upande wa Bungoma wiki hiyo. Ni yeye aliyevileta vyungu hadi Matisi, vimefungwa kwa majani ya migomba na magunia. Niliona alivyovipakua, kimoja kimoja, kama mayai.

Mimi nilikuwa maabara. Safari hii niliweka maji ya muhogo yaliyochemshwa na kuchujwa, mepesi kabisa, kabla ya kupasha moto. Njano ikaja taratibu zaidi. Kesho yake ilikuwa njano. Siku iliyofuata njano. Mwalimu Kemboi alipita kuchukua vitabu vyake, nikafunga mapazia nikamwonyesha mstari wa mwanga. Aliinama akautazama kwa muda mrefu. Alisema amefundisha jambo hilo miaka mingi kwa kuchora ubaoni, na kwamba muhula ujao wanafunzi wataliona kwa macho.

Nilivipaka vyungu kwa brashi, ndani na nje, mpaka vikashiba. Vilipokauka nilikiingiza kila kimoja kwenye ndoo ya plastiki yenye mfereji mdogo wa kufungulia maji chini, nikamimina maji. Tone la kwanza lilichukua muda. Halafu la pili. Nekoye, ambaye sasa alikuwa anatembea na kula, aliketi mbele ya ndoo na daftari la biolojia akisoma huku anasikiliza. Maji ya mwanzo niliyamwaga yote, kwa kuwa yalitoka na uji na fedha ambayo haikushika. Kilichokuja baadaye hakikuwa na rangi wala ladha.

Ilibaki kauli ya mtu wa hospitali. Kibiwott alifanya kazi kwenye maabara ya hospitali na tulisoma chuo kimoja, yeye akiwa mbele yangu. Nyongesa alileta dumu la maji ya bwawa lile lile la shule. Nikayapitisha kwenye vyungu vyote viwili, nikampelekea Kibiwott chupa tatu zenye alama tu: moja ya maji ya bwawa, na moja ya kila chungu. Sikumwambia ipi ni ipi. Hakuuliza. Alichukua matone, akayapaka kwenye visahani vyake vya kuoteshea vijidudu, akavifungia kwenye kabati lenye joto, akaniambia nirudi kesho.

Niliporudi vilikuwa juu ya meza. Kisahani kimoja kilikuwa kimejaa madoa, kama mkate uliolala. Cha pili kilikuwa na madoa pia, machache zaidi. Cha tatu kilikuwa kitupu.

Kibiwott alinitajia alama. Kilichojaa kilikuwa cha bwawa. Vile viwili vilikuwa vya vyungu vyangu, kimoja kimefaulu na kimoja kimefeli. Nyongesa angesema nini akisikia hivyo? Kwamba ni bahati nasibu. Nami ningesema hivyo hivyo.

Nilikimbia nyumbani, nikakitoa chungu kilichofeli, nikakilowesha na kukishika juani. Pembeni mwa kitako unyevu ulichora mstari mwembamba kama unywele. Kilikuwa na ufa, bila shaka kutoka ule moto wa pili, na maji yalikuwa yanapita hapo bila kuchujwa. Nilikivunja papo hapo kwa mchi ili asije mtu akakitumia. Nikapitisha maji mengine ya bwawa kwenye kile kizima, nikampelekea Kibiwott tena. Na tena. Visahani vilitoka vitupu.

Kibiwott hakutuma jibu. Alikuja mwenyewe Matisi jioni akiwa bado na koti jeupe, akakaribishwa kiti. Nyongesa alimtaka arudie kila kitu, pamoja na habari ya ule ufa. Kibiwott alirudia. Hakuongeza wala kupunguza, na kwa hilo namshukuru kuliko kama angenitetea.

"Kwa hiyo hiki kizima unasema ni safi," Nyongesa alisema.

"Nasema hivyo."

"Wewe ungekunywa?"

"Nilete gilasi."

Nyongesa alimjazia kutoka kwenye ndoo, maji yaliyokuwa ya bwawa asubuhi ile. Kibiwott akayanywa yote bila kupumzika, akaomba nyingine kwa sababu alikuwa ametembea. Mume wangu alimtazama mpaka akamaliza. Kisha akainuka, akaingia chumbani, na tukasikia analivuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Shuleni hatukupokewa kwa matarumbeta. Matroni, Peris, mama mnene mwenye funguo nyingi, alisema chungu ni chombo cha jikoni na hakiingii bwenini. Nilimwambia basi kiingie ukumbi wa chakula, na kila msichana wa kidato cha nne anywe. Alisema kitavunjwa kabla ya Ijumaa. Nilimwambia kikivunjwa nitaleta kingine, na nitakileta mimi mwenyewe kila Ijumaa mpaka Novemba, na nitakuwa nakuja kumsalimia ofisini. Alinipima kwa macho. Akachagua kona, akafunga mlango wa ukumbi kwa ufunguo mmojawapo, na tangu siku hiyo alikilinda chungu kile kama dada anavyomlinda mdogo wake. Naye namshukuru.

Kimoja hakikutosha. Senge alifinyanga vingine, na safari hii aliwaambia watoto wa jirani wafiche sufuria ya uji kabla hajawasha moto. Mimi nilipaka, Kibiwott alipima, chenye ufa nilivunja. Kufikia katikati ya muhula wasichana wote wa kidato cha nne walikuwa wanakunywa maji yale. Sitadanganya kwamba ugonjwa ulikwisha shuleni. Waliokuwa wavivu wa kungoja matone waliendelea kunywa ya bwawa, na wawili wao walipelekwa hospitali. Nekoye hakuwamo. Alingoja matone. Siku ya kutembelewa nilimkuta amenenepa mashavu, na malalamiko yake yalikuwa kwamba mimi nimemfanya awe mkubwa wa maji, kila mtu anamwita yeye ndoo ikikauka.

Alifanya mtihani wote, karatasi baada ya karatasi. Sikulala vizuri mwezi huo. Siku aliyomaliza, Nyongesa ndiye aliyekwenda kumchukua.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani Matisi sote. Senge Agneta alikuwa amesafiri kutoka Bumula na kitambaa kipya kichwani. Wakati wa kutoa shukrani, pasta akaniita mbele. Mimi si mtu wa hotuba. Nilisema: "Nekoye alikuwa mgonjwa. Sasa amemaliza mtihani na ni mzima. Namshukuru Mungu, senge Agneta, Mwalimu Kemboi, Kibiwott wa hospitali, matroni Peris, na baba Nekoye aliyebeba sanduku." Nikanyamaza. Pasta alingoja. Watu pale huzungumza mpaka chakula kinapoa majumbani. Nilimwambia hayo ndiyo yote.

Nilipoketi, senge alinivuta kwa mkono.

"Umefupisha sana," alinong'ona. "Hata hawajaelewa."

Akainuka. Alitembea hadi mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaanza mwanzo kabisa. Alieleza udongo na mahali unapochimbwa. Alieleza vumbi la mbao. Alieleza jinsi mke wa mtoto wa ndugu yake, msomi mwenye diploma, alivyokuja akiwa amekwama, maji yake ya fedha yanaharibika kila siku, na yeye Agneta akaona moyoni kwamba dawa ni uji, akavitia vyungu uji makusudi, akanyamaza tu apate kuona kama mimi nitagundua. Kanisa lilicheka, likapiga makofi. Nyongesa alinigeukia, anaijua habari yote, akangoja kuona nitafanya nini.

Nekoye alikuwa ameegemea bega langu, mzito kama mtu mzima. Nilipiga makofi na wengine, kwa nguvu, mpaka senge akaniona.